Kofia Niliyosema Nimeishona

Mgogoni, Pemba
Nimeianza Jumatatu, naimaliza leo Alhamisi baada ya alasiri

Mwanangu Raya,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, desturi ya barua zetu inanitaka nikwambie kwamba mimi mama yako ni mzima wa afya na hofu yangu ni kwako tu. Leo naivunja desturi hiyo. Mkono wangu wa kulia haujapona. Hauwezi kushika sindano, haujaishika tangu nilipopigwa na kiharusi, na ile kofia uliyoniona nikiimaliza mwezi uliopita sikuishona mimi. Ameishona Bi Time, jirani yetu.

Nimeliweka hili mwanzo kabisa kwa sababu najijua. Ningeanza na maneno mengine, ningezunguka mpaka karatasi ikaisha bila ya kulisema.

Usishangae mwandiko. Ni wa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelala kila moja upande wake, na ndiyo maana imenichukua siku nne. Naandika kila unapotoka kwenda kuaga jamaa. Juzi ulipokwenda Tumbe kwa mama yako mkubwa nilipata ukurasa mzima. Jana ulirudi mapema, nikazisukuma karatasi chini ya mkeka kama msichana aliyeandikiwa barua ya mapenzi. Leo umekwenda Konde na baba yako kununua sanduku, na baba yako akiingia dukani hatoki upesi, basi nina nafasi.

Mambo ya safari siyagusi. Baridi ya Ujerumani, chakula cha kujihadhari nacho, simu ya kila Ijumaa, yote hayo shangazi zako wameshakujaza mpaka masikio yamefurika, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuvuka Unguja. Mimi ninalo moja tu, nalo ni hili la mkono. Unakwenda kwa sababu ya mkono huu. Kama unakwenda kwa uongo, ni haki yako kuujua kabla hujapanda gari, ili ukibaki ubaki kwa akili yako, na ukienda uende kwa akili yako.

Unaikumbuka siku barua ya chuo cha Ujerumani ilipoingia kwenye simu yako? Ulikuwa umekaa juu ya mbuzi unakuna nazi. Uliisoma mara mbili, ukaiweka simu kando, ukaendelea kukuna. Vigelegele nilipiga mimi. Ukaniambia bila ya kunitazama, "Usinshangilie, mama. Miye siendi popote mpaka nkono wako ushike sindano."

Nikakwambia una wazimu, watu wanailia nafasi hiyo.

"Nawalie," ukasema. "Miye siendi."

Ukaidi huo umeutoa kwangu, sina wa kumlaumu. Nilijua hutageuka kwa maneno. Wewe tangu mdogo huamini mpaka uone, hata mwezi wa Idd ulikuwa unataka uonyeshwe kwa kidole. Basi nikakuonyesha ulichotaka kukiona.

Lakini uongo huu una dada zake wakubwa, na sitakuwa nimesema kweli nisipowataja.

Wa kwanza niliusema siku ya Idd, miaka mitatu iliyopita. Asubuhi nilipokuwa namimina chai, vidole vya mkono wa kulia viliingia ganzi na birika likaniponyoka. Nikafuta, nikacheka, nikasema chuma kimenichoma. Watu wakaanza kuingia. Unaijua nyumba yetu siku ya Idd. Kila aliyeingia aliniuliza hali yangu, na kila mmoja nilimjibu sijambo, kwa ulimi uliokuwa unazidi kuwa mzito. Nani siku ya Idd, mbele ya sahani za wageni, atasema hajisikii vizuri? Ungeniona, nilikuwa nabeba sinia kwa mkono mmoja na nyonga, nikitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, bila ya kujua kwamba upande wa pili umeshaniacha. Saa tisa ndipo baba yako aliponikuta nimekaa sakafuni jikoni, siwezi kunyanyuka.

Hospitali daktari aliuliza, "Ilianza saa ngapi?" Nikamwambia, sasa hivi. Nilimwambia hivyo kwa sababu niliona aibu kusema tangu asubuhi. Sijui kama jawabu la kweli lingebadili kitu. Hakuna aliyeniambia, na mimi sijathubutu kuuliza mpaka leo. Baba yako anajilaumu kwamba alichelewa kuingia jikoni. Miaka mitatu namwangalia akijilaumu, nami nimenyamaza. Wiki hii nimemwambia na yeye. Alitoka kwenda kumwagilia mihogo isiyohitaji maji.

Sasa tuje Dar es Salaam.

Daktari Neema alipokuja kwetu kutafuta watu waliopigwa na kiharusi, alitusomea karatasi neno kwa neno. Alisema, "Mama, hatutibu. Tunapima. Tunataka kujua tukiugusa ubongo kutoka nje, bila ya kupasua wala kuchoma, unatujibu nini." Wewe ulikuwa ubavuni mwangu, ukiitikia kwa kichwa kama mwalimu wa fizikia anayejiheshimu. Mimi nilisikia Dar es Salaam na daktari bingwa, mengine yote yakapita nje. Nikaamini nakwenda kuponywa.

Siku ya kwanza nilijiandaa kama ninayekwenda harusini. Nilijipaka kichwani mafuta ya nazi yaliyolazwa na asumini, nikasukwa, kwa sababu mtu haendi mbele ya watu na kichwa kikavu. Ile kofia yao ya nyaya, ya kupimia ubongo, ikakataa kusoma chochote. Fundi wao akasogea anitengeneze nywele, nami nikaukamata mtandio wangu kwa mkono mmoja mzima, nikamwambia mwanamume hanigusi kichwa labda nimeshakufa. Ulitaka ardhi ipasuke uingie, niliona. Daktari Neema akacheka, akamtoa yule fundi, akavuta pazia. Akakutazama mikono.

"Raya, mikono yako imetulia," akasema. "Njoo nikufundishe."

Ndivyo ilivyoanza kazi yako. Watu wanasema ulichaguliwa kwa akili, na akili unayo, lakini uliingizwa na mafuta ya nazi na wivu wa mama yako juu ya kichwa chake. Uliniosha mara tatu kwenye beseni. Ukagawa nywele, ukatia ile jeli ya baridi kwenye kitobo kimoja, ukasubiri mstari wake utulie kwenye skrini, ukahamia kingine. Nilikaa chini ya mikono yako saa nzima. Mimi nimepima vichwa vya watu kwa uzi tangu nina miaka kumi na miwili. Najua kichwa cha Mpemba wa kawaida kinakula uzi kiasi gani, najua vya wazee husinyaa na vya wenye majivuno havisinyai. Kofia ile nayo ilikuwa na vitobo kama vya kwangu. Lakini vitobo vyangu ni vya kupitisha upepo, na vile vilikuwa vinasikiliza. Nikajiuliza, miaka yote hii nilipokuwa nazungusha uzi nje, kumbe ndani mlikuwa mna mazungumzo?

Kisha Daktari akaleta kile kidude chenye umbo la tarakimu ya nane, akakiegemeza upande wa kushoto wa kichwa changu. Akasema nisifanye kitu, nipumzike. Kikalia, tak.

Kidole gumba cha mkono wangu wa kulia kikaruka.

Raya, sikukiambia kiruke. Nimekaa na mwili huu zaidi ya miaka hamsini, nikidhani mimi ndiye ninayeuamrisha, na mbele ya macho yangu kidole changu mwenyewe kimeitika mwito ambao haukutoka kwangu. Nilisema Subhana Llah kwa sauti. Wewe nawe ukasema hivyohivyo. Hata Daktari Neema, na yeye ni Mkristo, akasema, "Kweli kabisa." Nilihisi kwamba tumeingia mahali pa kuvua viatu.

Ukanigeuzia skrini. Ukanionyesha kwa ncha ya kalamu, "Hapa ndipo tulipogonga, mama. Sasa tazama, ntikisiko umeanzia hapa, ukavuka upande wa pili, halafu ukarudi." Ukasema yote hayo yamekwisha kabla sijapepesa jicho. Na ukasema msomo mmoja hautoshi, kwa sababu ubongo haunyamazi, una kelele zake, kwa hiyo lazima mgonge mara nyingi mno na mpange misomo yote pamoja, mpaka kelele zifutane na jawabu libaki. Nililielewa hilo kuliko ulivyodhani. Mtu akibisha mlango wetu wa uani, kuku wanashtuka, baba yako anakohoa, mimi naitika kutoka jikoni. Aliye nje haoni kitu, lakini akibisha siku nyingi atajua nani yumo na nani kasafiri.

"Upande uliopigwa na kiharusi unajibu polepole," Daktari akasema. "Lakini unajibu, mama. Haukufa."

Miaka miwili nilikuwa nimeubeba mkono ule kama mzigo wa mtu mwingine aliyeniachia njiani. Nililia mpaka jeli ikaanza kulegea, ukanikataza kulia kwa sababu kunaharibu vipimo. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema.

Siku ya nne kidole kilikuwa kimelala. Tak, kimya. Tak, kimya. Nikawatazama nyuso zenu. Mlikuwa mmekaa tangu asubuhi, hamjala. Nikafikiri, watu hawa wametulipia nauli, wametulaza pazuri, wananiletea chai ya maziwa, halafu niwarudishe mikono mitupu? Nikakisogeza kidole. Kidogo tu. Uwezo huo ninao, gumba nikilikaza linaitika, ni vidole vingine ndivyo vilivyogoma. Tak, nikakisogeza. Kwa namna nilivyolelewa, haikuwa uongo, ilikuwa heshima. Mgeni ukimpikia akauliza kama umekula, unasema umekula. Siku ya tano nikazidisha, na uliponiuliza kama nasikia chochote nikakwambia mkono umeshika joto mpaka kiwiko.

Siku ya sita ulipotoka kuswali adhuhuri, Daktari Neema alikaa mbele yangu akaniwekea karatasi mbili mapajani. Moja ilikuwa ya siku ya kwanza. Nyingine ya siku ya tano.

"Mama, mashine ikigonga, jawabu hufika kwenye kidole kabla hujajua kwamba umegongwa," akaniambia taratibu. "Hili la siku ya kwanza limefika hivyo. Hili jingine limechelewa. Limesikia mlio kwanza, likafikiri, ndipo likaja."

Nikaifunika karatasi ya siku ya tano kwa kiganja.

"Na kuna jambo jingine. Siku ya nne na ya tano mashine haikupiga. Ililia tu. Tunafanya hivyo makusudi ili tulinganishe. Nilikusomea kwenye karatasi."

Ningeweza kuingia chini ya kile kiti. Nilikuwa nimeitikia mlango usiobishwa. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia, "Niliwaonea haya, mwanangu. Niliona mmechoka."

Hakunigombeza. Alinishika mkono, huu mbovu, akasema, "Mama, siku zile mbili nilihitaji kimya chako. Ungekaa kimya, ungenipa kitu kikubwa sana."

Neno hilo sijaliacha mpaka leo. Nilipokuwa msichana niliwahi kumshonea kofia bwana harusi mmoja wa Tumbe, mtu mwenye kichwa kikubwa ambaye watu walikuwa wakimtania nacho. Nikaona haya kumzungushia uzi mbele ya rafiki zake nikatamka urefu wake. Nikamwambia hapana haja, nimeshakuona, nikakata kwa kukisia na kwa kumpendelea. Siku ya ndoa kofia ilikaa utosini kama kifuniko cha chupa, akaoa nayo hivyohivyo. Nilimfanyia adabu, na ile adabu ndiyo iliyomuaibisha. Ungedhani ningejifunza.

Nikamwomba Daktari asikwambie. Akasema siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, ila vipimo vya siku mbili ataviondoa na ataandika kwamba vimeondolewa. Nikafurahi, nikajiona nimeokoka.

Uliporudi ukaambiwa siku ya nne na ya tano hazifai. Hukuambiwa sababu, nawe ukajipa yako. Magharibi ile kwa wenyeji wetu hukugusa chakula. Ulijifunga kanga kichwani, ukawa unajipima kwa vidole kutoka puani mpaka kisogoni, kutoka sikio mpaka sikio, ukinung'unika, "N'mekosea wapi? N'mekosea wapi?" Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwako. Neno moja lingetosha. Nikakwambia, "Utazoea."

Raya, hukukosea. Kofia uliifunga sawasawa siku zote kumi. Ningepewa nafasi ya kulirudisha neno moja katika maisha yangu, nisingerudisha la siku ya Idd wala la hospitali. Ningelirudisha lile "utazoea."

Siku ya mwisho mlipima tena kama mlivyopima mwanzo. Nilikaa na hofu kwelikweli, nimekazana kutofanya kitu, na kutofanya kitu ni kazi ngumu kuliko kushona. Tak. Gumba likaruka, kidogo sana, kidogo kuliko nilivyokuwa naigiza. Daktari akanikonyeza. Nikautazama ule mruko mdogo wa kweli, nikajisikia kama ninayeona mtoto akipiga teke tumboni. Ndani yetu kuna mahali ambapo hapajui kumfurahisha mgeni. Ukipauliza panasema palivyo, na usipopauliza panakaa kimya na kweli yake. Mola amepaweka hapo na sisi tunatembea napo sokoni na msibani, hatuna habari. Nilitoka chumba kile nikimtazama kila mtu barabarani kwa heshima mpya, hata wale wauza vocha.

Daktari alinieleza kwamba mikong'oto ile imebadili kidogo namna ubongo wangu unavyojibu, na kwamba mtu mmoja hatoshi kusema lolote. Mkono wenyewe haukubadilika. Alilisema hilo wazi, na wewe ulikuwepo, lakini wewe nawe masikio yako yalikuwa yanachuja, umerithi.

Kilichofuata unakijua kwa upande wako. Kwa upande wangu kilikuwa hivi. Ulipoweka sharti lako la sindano, nilikwenda kwa Bi Time. Ulikuwa unaondoka asubuhi kwenda skuli kufundisha, yeye anaingia kwa mlango wa uani, anashona mpaka adhuhuri. Ukikaribia kurudi, mimi nakaa barazani, kitambaa cha bafta mapajani, sindano nimeibana baina ya vidole vilivyolala na goti, nainamisha kichwa. Ukipita nasema, "Leo n'metoboa safu nzima." Ulikuwa unanibusu utosini. Ulipiga picha ukamtumia Daktari Neema, naye hajajibu mpaka leo, nadhani sasa unajua kwa nini.

Bi Time hakupenda. Nitakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana aliyasema vizuri.

"Weye wanfanya miye mwizi," akasema. "Ntoto yule kila akin'amkia hunshukuru kwa kunkalia mama yake. Mwambie."

"Nikimwambia haendi."

"Basi asende. Kwani ntoto ni wako au ni wa sindano?"

Nikamwambia ashone. Akashona, amenuna, na ndiyo maana safu ya mwisho ya vijicho, vile vitobo vya kofia, imekwenda upande. Ulidhani ni udhaifu wa mkono wangu ukaipenda zaidi.

Nilikuwa tayari kuubeba uongo huu mpaka kaburini, sikufichi. Kilichonivunja ni Jumatatu. Wageni walikuwa wamejaa barazani kukuaga, na mzee mmoja aliyepooza, aliyeletwa na mwanawe kutoka Konde, akakuuliza kama ni kweli kuna mashine. Ulipiga magoti mbele yake. Ukamwambia, "Ni kweli, mzee wangu. Mama yangu nkono ulikuwa haushiki kitu, na leo anashona kofia. N'meona kwa macho yangu. Na huko n'endako ntawaeleza." Yule mzee akautazama mkono wangu. Akaunyanyua wake, akautazama nao. Sijawahi kuona uso ukijaa matumaini kwa sababu yangu namna ile, na sitaki tena kuuona. Nikaingia ndani nikatafuta karatasi.

Nilidhani nimekudanganya wewe peke yako, kwa ajili yako. Kumbe ningekutia mdomoni uongo wangu uwakirimu nao wagonjwa, mmoja baada ya mmoja, maisha yako yote, na kila mmoja ungemwambia ukiwa na hakika.

Mimi si msomi wa kazi yako na sina la kukufundisha ndani yake. Naujua upande mmoja tu wa kazi hiyo, upande wa kukaa kwenye kiti. Watu kama mimi watakuja kwako, na huko unakokwenda pia wapo, sidhani kama sisi peke yetu ndio wenye haya. Watakuangalia usoni kabla ya kujibu. Mtu akikufurahisha sana, mpumzishe, mpe maji, mwambie hata akinyamaza chai yake iko palepale. Laiti mtu angeniambia hilo la chai, huenda nisingelikisogeza kidole. Na wakija na mafuta kichwani, waoshe bila ya kuwacheka. Wamejipamba kwa ajili yako.

Na ikitokea umekosea, jiulize mara moja, usijiulize mara mia. Wakati mwingine kosa limekaa hatua mbili kutoka kwako, linakutazama na limeshiba.

Nakupenda, Raya. Kwetu hatuliandiki hilo, tunalipika. Naliandika kwa sababu nisingeliandika ningekuwa nimebakisha kitu.

Kesho gari nimeomba lije saa mbili badala ya saa kumi na mbili. Ndege yako ni ya mchana, muda upo. Tukishakunywa chai nitakupa karatasi hizi, nami nitakaa mbele yako mpaka umalize. Ukitaka kunigombeza, nigombeze. Ukitaka kuona, leta sindano uniwekee vidoleni, utaiona inavyoanguka, na sitaizuia kwa goti kama nilivyokuwa nafanya. Kwa yule mzee wa Konde nitakwenda mwenyewe Jumamosi, baba yako atanipeleka, nimwambie kwa mdomo wangu. Nitamwambia pia kwamba nimeona kidole changu kikiitika, kwa sababu hilo nalo ni kweli na simnyimi.

Kisha utaamua. Ukisema huendi, nitatoka kwenye mlango nimwambie dereva arudi, nitalia, na sitakuficha kwamba nalia. Ukisema unakwenda, utakuwa unamwacha nyuma mama mwenye mkono mmoja anayefungiwa kanga na jirani. Ujue hivyo, usije ukaambiwa na wengine.

Utaniuliza ninachokitaka mimi. Nimeogopa swali hilo wiki nzima kwa sababu nimezoea kumjibu kila mtu anachotaka kusikia, na safari hii sijui unataka kusikia nini. Basi jawabu ni hili, nimelipima, na si la adabu: mkono haujapona, wala sidhani utapona, na nataka uende.

Mama yako